Vichwa vya mkate ni fungu la nani?

Shangazi, shikamoo.

Jambo langu ni dogo, hata naona haya kulileta, ila limeshatugombanisha nyumbani mara tatu ndani ya wiki moja. Ni vichwa vya mkate, vile vipande viwili vya mwanzo na mwisho wa mkate wa slesi, vyenye ganda upande mzima.

Nyumbani tuko saba: mume wangu, mimi, mama mkwe, watoto watatu (miaka 14, 10 na 5) na dada wa kazi. Kila siku tunanunua mkate mmoja mkubwa. Nimeuhesabu, una slesi 18 pamoja na vichwa. Baba anakula 3, watoto kila mmoja 3, ingawa mdogo ile ya tatu huimegamega tu na kuiacha, mama mkwe 2, na mimi 2. Chai tunakunywa saa kumi na mbili na robo kwa sababu basi la shule halisubiri mtu. Vichwa hakuna anayevitaka. Watoto wanasema ni vigumu na ni vichafu, eti ndivyo vinavyoshikwashikwa kiwandani na dukani. Mimi sikuwa na habari navyo, kwa sababu dada hunywa chai yake saa tatu, akishaosha vyombo na kufagia uwanja, na alikuwa anavila yeye. Hajawahi kulalamika.

Mwezi uliopita dada alikwenda kwao Lushoto wiki tatu. Hapo ndipo vichwa vikaanza kujaa. Mimi nilikuwa navitupa. Mama mkwe akaja juu: mkate ni riziki, na riziki haiendi kwenye ndoo ya taka. Akawa anavikusanya, anavianika kwenye ungo asubuhi, adhuhuri anavitia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko. Vichache aliviweka kwenye friji, vikawa vikavu kama mbao. Juzi nimefungua kopo nikakuta vya juu vina madoa ya kijani, na vya chini vina harufu fulani tamu, mbaya. Mama mkwe anasema nikate palipoota ukungu, panapobaki pakaangwe. Mume wangu anasema wape kuku.

Dada amerudi, nikadhani mambo yamekwisha. Jana nikampa mdogo kichwa, akakisukuma akasema, "Hiki cha dada." Dada alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai mkononi. Nilijisikia vibaya siku nzima.

Naomba uniambie: ni kweli vichwa ni vichafu au vina kasoro? Vile vya kwenye kopo nivifanye nini bila kumkosea mama mkwe? Na hivi viwili vya kila siku vitumikeje, ugomvi uishe?

Mama wa watatu, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na hesabu, maana umeileta mwenyewe ukaiacha njiani. Baba 3, watoto 9, mama mkwe 2, wewe 2. Hizo ni 16. Mkate una 18. Zilizobaki ni mbili, na hizo mbili ndizo vichwa. Kwa hiyo fungu la dada nyumbani kwako ni vile vipande ambavyo watu sita wamevipita, vikakaa kwenye mfuko ulio wazi tangu saa kumi na mbili hadi saa tatu. Najua hukukaa kitako ukapanga hivyo. Lakini alipoondoka, hakuna aliyeongezewa slesi wala aliyepunguziwa. Kilichoongezeka ni vichwa mezani. Kama ulikuwa hujui sahani ya dada ina nini, zile wiki tatu zilikuonyesha. Mtoto wa miaka mitano hakukosa adabu kwa kubuni jambo. Amesema anachokiona kila siku.

Hapo nitarudi. Kwanza huu uchafu wanaousema watoto.

Mkate wa slesi huokwa ndani ya kopo lililopakwa mafuta, kwenye oveni yenye joto la nyuzi 200 na zaidi. Ganda ndilo linalopata joto hilo kwa ukali wake wote; katikati ya mkate ulioiva hufika nyuzi 95 hadi 98 tu. Kwa hiyo unapotoka ovenini, hakuna sehemu safi kuliko ganda. Mkate hupoozwa, ukapita kwenye mashine ya visu, ukatiwa mfukoni. Vidudu vya ukungu huingia katika hatua hizo, kwa hewa na kwa visu. Sasa kishike kichwa ukitazame: kina uso mmoja tu uliopitiwa na kisu, upande wa pili ni ganda. Slesi ya katikati imekatwa pande zote mbili. Tukipima usafi kwa namna hiyo, kichwa ndicho kinachoshinda. Na huko dukani watu wanashika mfuko. Kama mfuko una tundu, mkate mzima una shida, vichwa na katikati pamoja.

Unga ni uleule, hamira ileile, chumvi na sukari zilezile. Rangi ya kahawia inatokana na sukari na protini za unga kukutana na moto mkali, na ndiyo inayoleta ile harufu ya mkate mpya. Ganda likiwa limeungua jeusi, likwangue kwa kisu. Na ukimsikia mtu anawaambia watoto kwamba kichwa cha mkate kinaongeza nguvu au akili, huyo naye anatafuta namna ya kuvimaliza tu.

Kwenye ugumu watoto wana haki kidogo, ila sababu yake inapendeza kuijua. Nunua boflo siku moja, uweke mezani pamoja na mkate wa slesi. Ncha za boflo zitagombaniwa. Boflo huokwa wazi, ganda lake hukauka likawa jembamba na la kuvunjika, na huliwa siku hiyohiyo bila kulala kwenye plastiki. Mkate wa slesi ukishafungwa mfukoni, unyevu wa ndani hutembea kuelekea kwenye ganda. Ganda linakunywa maji, linapoteza ule mvunjiko, linakuwa kama ngozi: halikatiki kwa meno, linavutika. Kichwa kina ganda uso mzima, kwa hiyo mtoto anakutana na ngozi hiyo kila anapong'ata.

Dawa yake ni moto, na hapa wengi huharibu. Weka kikaango kikavu kwenye moto wa wastani, kichwa kikae upande wa ganda chini dakika moja na nusu, kigeuze nusu dakika, kipakwe siagi papo hapo na kiliwe kingali moto. Ganda linapoteza maji lililokunywa, na sehemu nyeupe inalainika, kwa sababu wanga uliokuwa umekaza hulegea ukipata joto la kama nyuzi 60 na kuendelea. Lakini kila unapopasha maji hupungua. Kikipoa hukaza tena kuliko mwanzo, na ukikipasha mara ya pili unapata kigae. Usipashe vichwa vya watu wote saa kumi na mbili ukaviacha vinasubiri.

Hapohapo utaona kwa nini vile vya kwenye friji vilikuwa mbao. Mkate kuwa mgumu si kukauka peke yake. Wanga ulioivishwa, ukipoa, hujipanga upya na kukaza, na kazi hiyo huenda haraka zaidi katika ubaridi wa friji, nyuzi 4 hivi, kuliko mezani. Friza ni habari nyingine: huko maji yameganda na wanga unakaa kama ulivyo. Mkate wa kuliwa leo na kesho ukae kabatini, mfuko umekunjwa. Wa kukaa zaidi ya hapo uende friza. Friji ya kawaida inachelewesha ukungu tu, na bei yake ni ugumu huo ulioukuta.

Sasa kopo la mama mkwe. Vyote vitoke, mwanangu, vya juu na vya chini.

Ukungu unaouona kwa rangi ya kijani ni maua yake. Mizizi yake, nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa jicho, ilishaingia ndani ya mkate kabla ya rangi kutokea, maana mkate ni kitu chenye vitundu kote. Ukikata doa, umekata maua na kuacha mizizi. Kitu kigumu kama karoti unaweza kukata pakubwa ukaokoa kilichobaki, lakini mkate hapana. Kukaanga nako hakuokoi kitu. Moto unaua ukungu wenyewe, ila sumu ambazo baadhi ya kuvu huzitoa zinavumilia joto la jikoni. Sumukuvu sisi tunaijua zaidi kwenye mahindi na karanga, na mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu Dodoma na Manyara. Sisemi kopo lenu lina sumu ya namna hiyo. Ukungu wa mkate ni wa aina nyingi na mwingi wake hauna ukali huo, ila kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Ile harufu tamu ya vile vya chini ni ugonjwa mwingine kabisa. Kivunje kimoja taratibu: kama ndani kinanata na kinavuta nyuzi nyembamba kama za bamia, na harufu ni ya nanasi lililoiva kupita kiasi, hiyo ni bakteria ambayo mbegu zake hazifi ovenini. Hulala, halafu huamka mkate ukikaa kwenye joto na unyevu, na Tanga vyote viwili vipo vya kutosha. Mikate mingi ya viwandani hutiwa kalisi propionati, itazame kwenye orodha ya viambato, pengine imeandikwa E282. Inachelewesha ukungu na hii ya nyuzi kwa siku chache. Wiki tatu haiwezi.

Kosa la mama mkwe lilikuwa kwenye kuanika. Nusu siku kwenye ungo, katika hewa ya pwani, hukausha uso na kuacha maji ndani. Mkate mpya una maji zaidi ya theluthi ya uzito wake. Ukifunikwa ungali na maji hayo, jasho linapanda kwenye mfuniko, linadondokea vya juu, na ndiyo maana vya juu ndivyo vilivyoota kijani.

Kumwambia: usimwambie amekosea kuhifadhi mkate, maana nia yake ni njema kuliko ya ndoo yako ya taka. Mwambie, "Mama, hivi vimeota ukungu mpaka ndani, naogopa watoto wataumwa tumbo. Naomba nivizike chini ya mgomba." Kinachomuumiza ni mkate kulala na takataka, na kuuzika kunamwondolea hilo. Chimba shimo la kina cha futi moja, umwage, ufukie vizuri, panya na mbwa wasifukue. Kopo lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, lipanguswe kwa siki, likae juani wazi mpaka harufu iishe.

Mume wako na kuku wake: mkate wenye ukungu kuku hapewi. Nao sumu hizo huwadhuru. Kuku apewe mkate mzuri, mkavu, uliovunjwavunjwa, na uwe kionjo tu, usizidi sehemu moja kati ya kumi ya anachokula kwa siku, kwa kuwa una chumvi na humshibisha bila kumpa anachohitaji kwa kutaga. Ukiloweka, uondoe uliobaki baada ya saa moja, vinginevyo unachacha na kuita inzi.

Sasa hivi viwili vya kila siku, ambavyo kwa kweli ndiyo barua yenyewe.

Mkate wenu mnaumaliza kwa mkao mmoja. Maana yake kichwa kinapotoka mfukoni saa kumi na mbili kina umri uleule wa slesi zote. Katika nyumba ambako mkate unakaa siku tatu, kichwa cha mbele hutumika kama mfuniko: kila mtu anakisogeza, anachukua ya nyuma yake, anakirudisha, na kinakaukia kazini. Huko kulalamika kuna msingi. Kwenu kinakauka kwa ajili ya dada tu, kwa sababu yeye anakula baada ya saa karibu tatu. Hata angepewa slesi za katikati kwa mtindo huo, zingekuwa kavu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni sahani. Wakati wa kugawa mkate, panga sahani saba badala ya sita. Ya dada itiwe mkate wake wakati uleule, ifunikwe kwa kawa, na chai yake ibaki kwenye chupa. Kama anaweza kukaa akanywa pamoja nanyi ni bora zaidi, lakini najua asubuhi ya basi la shule ilivyo.

Jambo la pili ni zamu. Jumlisha tena: baba 3, watoto 9, na ninyi wanawake watatu, pamoja na dada, 2 kila mmoja. Jumla 18. Mkate wenu unatosha kila mtu bila kumpunguzia yeyote, ila vichwa vihesabiwe kuwa mkate. Watu ni saba na siku ni saba. Kila mtu ana siku yake ya kula vichwa viwili ndani ya fungu lake. Baba aanze yeye, Jumatatu, mbele ya watoto, bila hotuba. Mtoto wa miaka kumi hupinga sheria asiyoiona ikimgusa baba yake. Yule mdogo akisema tena "hiki cha dada", jibu ni jepesi: "Leo Jumanne, ni cha bibi." Siku yake yeye, kiweke kikaangoni, kikate vipande vinne vya pembe tatu, upake siagi. Kuna ujanja wa kugeuza ganda ndani, unaweka siagi katikati ya vichwa viwili vinavyotazamana kwa ganda, nje panaonekana peupe. Kwa mtoto mdogo unafanya kazi siku mbili, ya tatu anafungua kuangalia.

Kama nyumba nzima imekataa kata kata, basi njia ya pili: vichwa havifiki mezani kabisa, vinakwenda friza mara tu mfuko unapofunguliwa, na dada anapata slesi mbili za katikati. Zitoke wapi? Moja kwa baba, moja kwa mdogo ambaye ile ya tatu anaichezea tu. Hapo vinabaki vichwa 60 kwa mwezi. Kichwa cha mkate wa namna hiyo kina gramu 20 hadi 30. Tuchukue 25, unapata kilo moja na nusu ya mkate, na hiyo ni akiba ya kupikia.

Friza ina masharti yake. Tia vichwa kwenye mfuko mzito, kamua hewa, andika tarehe, vitumie ndani ya miezi mitatu. Havihitaji kuyeyushwa ukienda kuvipasha au kuviloweka. Umeme ukikatika mpaka vikalainika na kulowa, usivirudishe. Vipikie siku hiyohiyo au vikaushe viwe chenga.

Chenga za mkate ndiyo njia inayomfaa mama mkwe, kwa sababu ndicho alichokuwa anakitafuta kwenye ule ungo, alikosa moto tu. Kata vichwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Vitandaze tabaka moja kwenye sinia, oveni iwe nyuzi 110 hadi 120, dakika 40, uvigeuze katikati ya safari. Kwa jiko la mkaa, tumia sufuria pana: makaa machache yanayokaribia kufa chini, mengine juu ya mfuniko, na mfuniko ukae upande kidogo ili mvuke utoke. Ukifunika kabisa unavipika kwa mvuke, vinarudi kuwa laini. Kipimo ni sikio: chukua kipande kinene kuliko vyote, kivunje. Kikitoa mlio na kukatika, tayari. Kikipinda kabla ya kuvunjika, rudisha. Kisha acha vipoe kabisa, nusu saa na zaidi, ndipo utwange kwenye kinu au uvisage, uchekeche. Vinavyobaki kwenye chekecheke virudi kinuni. Vilivyotiwa kwenye chupa vingali vuguvugu hutoa jasho, na tutarudi kulekule kwa kopo la kijani. Tumia chupa ndogo ndogo, si kopo moja kubwa linalofunguliwa kila siku. Zinakaa mwezi bila shida. Vile vichwa 42 vya wiki tatu, kilo moja na kidogo, vingekupa karibu gramu 700.

Kazi ya kwanza ya chenga hizo ni katlesi. Wengi wa Pwani huchovya kwenye yai tu na kukaanga. Ukipitisha kwenye chenga baada ya yai unapata ganda la kuvunjika, na katlesi haipasuki kirahisi. Bonyeza kwa kiganja chenga zishike, ziache dakika kumi kabla ya kukaanga. Mafuta yajaribu kwa kutupia chenga kidogo: zikipanda juu zinachemka na kugeuka rangi kama nusu dakika, ingiza. Zikizama na kunyamaza, subiri. Zikiwa nyeusi mara moja, epua. Na usiache zilizodondoka zikaungua chini ya karai, zitatia uchungu duru zote zinazofuata.

Kababu hazihitaji chenga, zinataka kichwa chenyewe. Kwa nusu kilo ya nyama ya kusaga tumia vichwa vitatu. Virarue, vimwagie nusu kikombe cha maziwa au maji, viache dakika kumi. Slesi ya katikati hulowa kwa dakika mbili, ganda halilowi, na ukiharakisha utakuta vipande vya kahawia vigumu ndani ya kababu kama vile umedondosha ngozi. Kisha kamua kwa mkono mpaka maji yasidondoke, vuruga mpaka pasiwe na donge, ndipo uchanganye na nyama, kitunguu kilichokamuliwa, thomu, tangawizi na viungo vyako. Mkate unashika ule mchuzi wa nyama usikimbilie kwenye mafuta. Kababu ikisambaratika kikaangoni, tisa kwa kumi hukukamua: mkate ulikuwa na maji, au kitunguu.

Slesi za kuchovya kwenye mayai (simaanishi mkate wa mayai wa Zanzibar, ule ni keki) zinataka ujue kwamba ganda halinywi yai. Kwa vichwa vinne piga mayai mawili na robo kikombe cha maziwa, chumvi kidogo. Toboatoboa ganda kwa uma, kisha laza upande mweupe chini ndani ya yai dakika mbili nzima, kigeuze kwa sekunde chache tu. Kaanga upande mweupe kwanza. Ukichovya haraka kama slesi ya kawaida, utakula mkate mkavu wenye kibandiko cha yai.

Na siku ya wageni, pudini. Vichwa vinane, nusu lita ya maziwa ya vuguvugu, mayai matatu, vijiko vitano vya sukari, iliki punje nne zilizotwangwa, zabibu kavu ukipenda. Panga vichwa ganda likitazama chini, mimina mchanganyiko, uache dakika ishirini, ukibonyeza mara mbili tatu kwa kijiko. Oveni nyuzi 170, dakika 40, au mkaa kidogo chini na mwingi juu. Kisu kikichomekwa katikati kitoke safi. Moto ukiwa mkali yai hukatika, unaona maji yametuama pembeni na chembe kama za mayai ya kuvuruga. Kwa ladha inalika, lakini kwa sura mgeni hapewi.

Anza na zamu lakini. Mapishi haya ni ya ziada, na yakitangulia, dada ataongezewa kazi ya kutwanga chenga juu ya zile alizonazo, kwa ajili ya vipande alivyokuwa akivila peke yake.

Kuhusu kuzungumza naye: usiitishe kikao, na usimuulize mbele ya watu, "Kwani wewe vichwa hupendi?" Atakujibu anapenda. Angejibu nini kingine? Sahani ya saba ianze kesho, bila maelezo. Kama ni lazima useme neno, muwe wawili jikoni, na liwe fupi: "Dada, ile ya vichwa nilikuwa sioni. Nisamehe." Usingoje akutoe wasiwasi.

Huenda ikawa anavipenda kweli, wapo watu wa namna hiyo, hasa vikipashwa na kuchovywa kwenye chai ya maziwa. Utajua kwa njia moja. Asubuhi moja mpe yeye mkate ukiwa mfuko haujafunguliwa, slesi zote 18 ndani, mwambie achukue zake mbili kwanza kabla ya mtu yeyote, halafu wewe geukia chai yako usimtazame mkono.